Mwanga wa kioo na saa za betri: jibu kwa mwalimu wa Namtumbo

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Namtumbo, Ruvuma. Natumia kompyuta mpakato ya mtumba, ya inchi 14, kuandaa mitihani na kujaza alama. Ikiwa na chaji kamili inakaa kama saa mbili, na umeme ukikatika jioni huwa bado sijamaliza. Mwenzangu ameniambia nipunguze mwanga wa kioo na niweke picha nyeusi kwenye skrini. Je, ni kweli vinasaidia, na kwa kiasi gani? Kufanya kazi kwenye mwanga hafifu hakuharibu macho? Halafu shuleni tuna kompyuta mpakato 12 zinazochajiwa kwa sola ndogo ya betri moja, mkuu wa shule anauliza kama mbinu hiyo itafaa na huko."

Mwalimu, asante kwa kuuliza kwa namba. Saa mbili, inchi 14, mtumba, kazi ya kuandika: kwa hayo manne tunaweza kukaa tukapiga hesabu.

Mwenzako amepatia la kwanza na kukosea la pili. Kushusha mwanga kunasaidia, na kwa kazi kama yako hakuna hatua nyingine inayolipa haraka kiasi hicho. Picha nyeusi, kwa kompyuta ya aina yako, karibu haibadilishi kitu. Lipo na la tatu ambalo hakukuambia, nami ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: kiasi cha mwanga unachohitaji kwenye kioo kinaamuliwa na mahali ulipokaa. Mtu anaweza kushusha mwanga leo, kesho akakaa dirishani, akaupandisha tena bila hata kukumbuka.

Tuanze na umeme wenyewe unakokwenda. Kioo chako, kama cha kompyuta nyingi za mtumba, bila shaka ni cha LCD. Kioo cha namna hiyo hakitoi mwanga wake chenyewe. Pembeni, chini ya fremu, kuna mstari wa taa ndogo za LED zinazowaka muda wote, na mwanga wake husambazwa na karatasi maalumu hadi uenee nyuma ya kioo kizima. Mbele ya mwanga huo ndipo zilipo pikseli, vidirisha vidogo zaidi ya milioni moja, kila kimoja kikifunguka na kufunga kama luva za dirisha la zahanati. Herufi nyeusi ni luva zilizofungwa, ukurasa mweupe ni luva zilizo wazi. Taa ya nyuma inawaka sawasawa kwa vyote viwili.

Mwanga huo hupotea sana njiani. Kichujio cha kwanza tu huzuia zaidi ya nusu yake. Kisha kila pikseli ina sehemu tatu za rangi, nyekundu, kijani na bluu, na kila sehemu hupitisha takribani theluthi ya mwanga mweupe unaoifikia. Juu ya hapo kuna nyaya nyembamba na kingo zinazoziba nafasi. Mwisho wa safari, kati ya sehemu 100 za mwanga zilizotoka kwenye taa, zinazolifikia jicho lako ni kati ya 5 na 10. Kila chembe ya mwanga unayoiona imelipiwa na betri mara kumi au zaidi, na hapo ndipo ughali wa kioo unapotoka.

Kwa kioo cha kawaida cha inchi 14, matumizi huwa kama wati moja na nusu hadi mbili mwanga ukiwa chini kabisa, na wati nne hadi tano ukiwa juu kabisa. Sehemu nyingine zote zikijumlishwa, yaani prosesa, kumbukumbu, diski, Wi-Fi na feni, hutumia wati tano hadi nane wakati unaandika tu na hakuna kazi nzito inayoendelea. Kompyuta hutofautiana, ila kwa mashine ya umri na ukubwa kama wako hutakuwa mbali na hapo.

Sasa mfano unaokaribiana na wako. Tuseme betri ilitoka kiwandani ikibeba wati-saa 48, yaani umeme wa kutoa wati 48 kwa saa moja, na kwa uchovu wa miaka sasa inabeba 24. Kioo kikiwa juu kabisa kinatumia wati 5, mengine yote wati 7, jumla 12. Gawanya 24 kwa 12 unapata saa mbili, kama ulivyosema. Shusha mwanga hadi kioo kitumie wati 2.5. Jumla inakuwa 9.5, na betri ileile inakaa saa mbili na nusu. Umepata nusu saa bila kununua chochote, na nusu saa jioni inatosha kumalizia alama za mkondo mmoja.

Geuza mfano upande wa pili. Tuseme badala ya kuandika, unawatafutia wanafunzi video ya jaribio la kemia, na nyuma yake kuna kurasa thelathini za intaneti ulizoziacha wazi. Prosesa inachemka, feni inavuma, na mengine yote yanapanda hadi wati 20. Mwanga ukiwa juu, betri inakwisha kwa dakika 58. Ukiushusha, inakwisha kwa dakika 64. Mwanga uleule ulioshushwa umekuletea dakika sita tu. Hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo na kusema mbinu hii haifai, kumbe walishusha mwanga huku mashine ikitoka jasho kwa kazi nyingine.

Vitu hivi viwili vinabebana. Ukifunga kurasa usizozitumia, ukazima Wi-Fi wakati unaandika mtihani usiohitaji intaneti, mengine yote yakashuka kutoka wati 7 hadi 5, kisha ukashusha na kioo, jumla ni wati 7.5. Wati-saa zako 24 zinakaa saa tatu na dakika 12. Kadiri mashine inavyotulia, ndivyo kioo kinavyokuwa mlaji mkubwa kuliko wote, na ndivyo kukishusha kunavyolipa.

Swali linalofuata huwa ni hili: nishushe hadi wapi, nami nataka kuona? Jicho lako ni jepesi kusamehe kuliko unavyodhani. S. S. Stevens, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 1957 kanuni ya namna hisia zetu zinavyopima ukubwa wa kitu, na kwa upande wa mwanga matokeo ni kwamba mwanga ukikatwa nusu, jicho linauona kama umepungua kwa sehemu moja ya tano hivi. Mwanga umepungua nusu kwenye betri, umepungua kidogo tu machoni. Zaidi ya hapo, jicho huhitaji dakika kadhaa kuzoea. Kwa hiyo usishushe kutoka 100 hadi 35 kwa mkupuo, ukaona giza, ukarudisha. Shusha hadi 70, fanya kazi dakika tano, shusha hadi 50, endelea. Ukifika 40 utashangaa kwamba ile 100 ya mwanzo ingekuumiza macho.

Sasa lile la tatu. Mwanga unaoangukia meza hupimwa kwa luksi, na mng'ao wa kioo hupimwa kwa niti. Kompyuta za bei ya kawaida zinafika niti 220 hadi 250 zikiwa juu kabisa, na za mtumba zilizotumika miaka mingi huwa zimefifia chini ya hapo. Kinacholinganishwa na kioo ni vitu vinavyokizunguka: karatasi, ukuta, meza. Karatasi nyeupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia. Katika ofisi yenye taa nzuri, luksi 300, karatasi juu ya meza hung'aa kwa niti takribani 75. Maana yake theluthi moja tu ya uwezo wa kioo chako inatosha kukifanya king'ae sawa na karatasi iliyo pembeni yake. Sebuleni usiku, chini ya balbu moja, luksi ni 50 hadi 100, na hapo niti 25 hazipungui kitu.

Toka sasa ukae chini ya mwembe saa sita mchana, kwa sababu ndani kuna joto. Kivuli kile kinachokuonekania kimepoa kinaweza kuwa na luksi elfu tano bila shida. Karatasi hapo inang'aa kwa niti zaidi ya 1,200. Kioo chako hata ukikiwasha chote hakifiki robo ya hapo, na betri inakwisha huku bado unakunja uso kutafuta kishale cha mausi. Juani penyewe luksi hufika 100,000, na hapo hakuna kompyuta ya kawaida inayoweza kushindana. Mchana kazi ya kompyuta ni ya ndani. Ikibidi iwe nje, basi iwe barazani, mgongo ukiwa umeelekea ukuta wenye rangi iliyokoza.

Ndani nako kuna mahali na mahali. Dirisha likiwa nyuma yako, mwanga wake unagonga kioo na kurudi usoni kwako, ukiosha maandishi yote. Dirisha likiwa mbele yako, mboni ya jicho inajikunja kwa ajili ya ule mwanga mkali wa nje, na kioo kinaonekana cheusi hata kikiwa kinawaka vizuri. Pazuri ni dirisha kuwa ubavuni. Nimewahi kuletewa kompyuta na mtu aliyekwisha kuagiza betri mpya, akiamini ya zamani imekufa. Nilipomtembelea ofisini nikakuta dirisha pana mgongoni kwake, na kioo kimekaa juu kabisa tangu aliponunua mashine. Tuligeuza meza. Betri aliyoagiza ilipofika, ilikaa kabatini.

Hata shati lina neno. Shati jeupe la kazini linaakisi kwenye kioo kinachong'aa kama linavyoakisi kwenye kioo cha kujitazamia, hasa ukikaa karibu na dirisha. Ukijifunga kitenge au kuvaa sweta la rangi nyeusi wakati unasahihisha, utaona mwenyewe tofauti. Na vumbi: kiangazi chetu kinaacha utando juu ya kioo, utando huo unatawanya mwanga wa chumbani, maandishi yanafifia, na mkono unakimbilia kuongeza mwanga. Kitambaa laini kilichonyunyiziwa maji kidogo, kompyuta ikiwa imezimwa, kinatosha. Usimwagie kioo maji moja kwa moja, wala usitumie sabuni au spiriti kali, vinakula tabaka la juu.

Kipimo changu hakihitaji kifaa chochote, na wewe mwalimu karatasi hazikukosi. Fungua ukurasa mtupu mweupe wa kuandikia. Shika karatasi nyeupe pembeni ya kioo. Shusha au pandisha mwanga mpaka vyote viwili vifanane mng'ao. Kioo kikionekana kama taa iliyowashwa, umezidisha. Kikionekana cha kijivu kando ya karatasi, umepunguza mno. Rudia ukihama chumba, kwa sababu jibu la asubuhi ofisini si jibu la usiku nyumbani.

Namna ya kushusha unaijua pengine. Kwenye kibodi kuna kitufe chenye picha ya jua dogo, mara nyingi hubonyezwa pamoja na Fn. Ukikikosa, kwenye Windows 10 au 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na A, utaona mstari wenye alama ya jua. Fanya hivyo chaja ikiwa imechomolewa, kwa kuwa baadhi ya mashine za Windows hukumbuka mwanga wa kwenye betri kivyake na mwanga wa kwenye umeme kivyake. Katika paneli hiyohiyo kuna alama ya betri yenye jani, ile ya hali ya kuokoa chaji. Kwa kawaida imepangwa ianze chaji ikishuka hadi asilimia 20 au 30, jambo ambalo ni kuchelewa sana. Iwashe dakika ileile umeme unapokatika.

Na panga kioo kizime chenyewe baada ya dakika mbili usipogusa kitu. Mwalimu anayesahihisha huandika, kisha anasoma karatasi, anahesabu, anaita mtoto, anarudi. Dakika zote hizo kioo kinawaka kwa ajili ya ukuta. Zile picha za kuelea elea zinazojitokeza kompyuta ikikaa kimya haziokoi chochote, taa ya nyuma iko palepale. Na kama kibodi yako ina taa, izime.

Turudi kwa picha nyeusi, maana imani hii ina mizizi na haikutoka hewani. Enzi za skrini za chogo, zile nzito zenye mgongo mrefu, mwanga ulitokana na mwali wa elektroni uliopiga kioo kwa ndani. Sehemu nyeusi ilikuwa sehemu isiyopigwa, kwa hiyo nyeusi ilitumia umeme kidogo kuliko nyeupe. Mwaka 2007 ilienea kwenye intaneti hoja kwamba ukurasa wa Google ungekuwa mweusi, dunia ingeokoa umeme mwingi. Google wenyewe walijibu mwaka huohuo kwamba kwa skrini bapa za LCD, ambazo tayari zilikuwa zimeenea, nyeusi haiokoi na inaweza hata kuongeza kidogo. Ukirudi kwenye mfano wa luva utaona sababu: umefunga madirisha, lakini taa ndani ya nyumba bado inawaka.

Kisha zikaja skrini za OLED, kwanza kwenye simu, sasa na kwenye baadhi ya kompyuta za bei ya juu. Hizo hazina taa ya nyuma. Kila pikseli inawaka yenyewe, na nyeusi ni pikseli iliyozimwa. Huko mwenzako angekuwa sahihi, na huenda aliyasikia kwa mtu wa simu. Lakini hata huko mwanga ndio unaotawala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima simu za OLED mwaka 2021: mwanga ukiwa juu kabisa, kuhama kutoka rangi nyeupe kwenda nyeusi kuliokoa asilimia 39 hadi 47 ya umeme wa betri. Mwanga ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, yaani pale watu wengi wanapouweka wakiwa ndani, kuliokoa asilimia 3 hadi 9 tu. Mtu aliyekwisha kushusha mwanga alibakiwa na kidogo cha kuvuna kwenye rangi.

Ukitaka kuhakikisha kioo chako ni cha aina gani, subiri usiku, zima taa za chumbani, fungua picha nyeusi tupu ijaze kioo kizima. Kikibaki na ukungu wa kijivu, hasa pembeni, ni LCD. Kikiwa cheusi kama kimezimwa, ni OLED. Jambo moja lisikuchanganye: baadhi ya kompyuta hupunguza taa ya nyuma zenyewe kidogo kulingana na picha iliyopo, na ndiyo maana wakati mwingine utaona mwanga ukipanda na kushuka ukihama kutoka ukurasa mweupe kwenda mweusi. Hazijaharibika. Faida yake ni ndogo, usiitegemee.

Kuhusu macho. Kutumia kioo chenye mwanga mdogo hakuharibu jicho, na Chuo cha Madaktari wa Macho cha Marekani kimeeleza mara nyingi kwamba skrini hazisababishi madhara ya kudumu. Kinachotokea ni uchovu: macho kukauka kwa sababu tunapepesa mara chache tukitazama kioo, na misuli kuchoka kwa kukazia umbali mmoja. Madaktari hao wanashauri kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Mlango wa jirani unatosha. Kinachochosha zaidi ni tofauti kubwa kati ya kioo na mazingira yake, kwa pande zote mbili: kioo hafifu chumbani mwenye jua, na kioo kikali chumbani mwenye giza. Kwa hiyo umeme ukikatika usikae gizani ukimulikwa na kompyuta peke yake. Weka taa ya sola pembeni au nyuma ya kioo, imulike ukuta na karatasi zako bila kukupiga machoni, kisha shusha kioo hadi asilimia 20 au 25. Taa ile ina betri yake, na inaipunguzia kompyuta mzigo.

Kuna watu wachache ambao mwanga hafifu huwaletea maumivu ya kichwa, nao hawajidanganyi. Skrini nyingi hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma mara mamia au maelfu kwa sekunde. Kadiri unavyoshusha, ndivyo muda wa kuzimika unavyorefuka. Jicho halioni, lakini wengine mwili wao huhisi. Shusha kioo chako kisha kitazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari ya giza ikitembea, kioo chako ni cha namna hiyo. Kama kichwa hakikuumi, achana nalo. Kama kinakuuma, pandisha hadi pale mistari inapofifia, halafu tafuta akiba kwenye vitu vingine.

Mwanga ukishawekwa sawa, angalia betri yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ingiza, na katika dirisha jeusi linalofunguka andika powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Humo tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo wa siku ya kwanza, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wa leo. Ikiwa wa leo uko chini ya nusu ya ule wa kwanza, mwanga utakusaidia lakini hautafufua kilichokwisha, na fedha ya betri mpya itakuwa imetumika vizuri. Ukinunua, soma Wh, yaani wati-saa, kwenye lebo, linganisha na za ile ya zamani, na ijaribu kwa saa halisi kabla hujaridhika, kwa kuwa lebo huandikwa chochote.

Jaribio lenyewe ni jepesi, na ningependa ulifanye kabla hujaamini namba zangu. Anza na chaji asilimia 90. Kioo juu kabisa, andika mtihani nusu saa, andika chaji iliyobaki. Siku nyingine anza tena na asilimia 90, kazi ileile, kioo kwenye 40. Tofauti kati ya siku hizo mbili ni ya mashine yako.

Usitazamie kuona tofauti kwenye LUKU, lakini. Wati 2.5 kwa saa nne kila siku, mwezi mzima, ni 0.3 ya uniti. Ukiwa kwenye umeme wa ukutani mwanga wa kioo ni wa starehe ya macho yako, uweke unavyopenda. Thamani yake ni pale unapoishi kwenye betri, na hapo ndipo swali la mkuu wako wa shule linapokuwa zito kuliko lako.

Kompyuta 12, kila moja ikiokoa wati 2.5 kwa saa nne za matumizi kwa siku, ni wati-saa 120. Umeme huo hupitia inveta na chaja kabla ya kufika, na kila hatua hupoteza sehemu yake. Tukichukua kwamba robo tatu ndiyo inayofika, wati-saa 120 za mezani ni 160 za kwenye betri ya sola. Tuseme betri yenu ni ya risasi, iwe ya maji au kavu, volti 12 na Ah (ampea-saa) 100. Inabeba wati-saa 1,200, na ikiwa mnataka idumu msiishushe zaidi ya nusu, kwa hiyo za kutumia ni 600. Mwanga uliozidi kwenye vioo 12 unameza zaidi ya robo ya hizo. Ni kipindi kizima cha kompyuta kinachopotea.

Mwambie basi mkuu wako mambo matatu. Kompyuta zichajiwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa juu, ili umeme utoke kwenye paneli badala ya kuingia na kutoka betrini. Kama miongoni mwa zile 12 zipo zinazochaji kwa USB-C, kuna chaja za gari za volti 12 zinazoweza kuzichaji bila kupitia inveta, na upotevu wa inveta unaisha. Na kabla ya yote hayo, ingia kwenye hicho chumba saa ambayo kipindi hufanyika, ukiwa na karatasi nyeupe mkononi, pita kila meza upime kama nilivyokueleza. Chumba cha darasa kina madirisha makubwa pande mbili, na meza zilizo kando yake zitataka mwanga wote wa kioo na bado watoto watalalamika hawaoni. Hizo zisogezeni katikati au kwenye ukuta usio na dirisha, vioo vitazame mbali na jua, na pazia la kitenge kwenye madirisha ya magharibi kwa vipindi vya mchana. Vioo vyote viwekwe 40 kabla wanafunzi hawajaingia.